Uzi: Kempavani ikisumbua, kagua kiungo kabla ya kununua kifaa kipya

Spana10

Wakuu, salaam.

Uzi huu ni wa wenye kempavani, yaani gari lililogeuzwa nyumba ya kulala na kupika safarini, na wale wanaojiandaa kuwa nayo. Maswali yanayokuja kila mara ni yale yale: friji inazima yenyewe, pampu inalia usiku, taa zinafifia, paa linavuja. Na ushauri unaotolewa ni ule ule pia: badili betri, weka pampu mpya, ongeza paneli ya sola. Watu wanabeba mzigo wa vifaa vipya na tatizo linabaki pale pale.

Msimamo wangu ni huu: kempavani ni nyumba inayotikiswa kila siku. Kinachoanza kuchoka mara nyingi si kifaa, ni pale kinapoungana na kingine. Kichwa cha waya. Klipu ya mpira wa maji. Gundi ya pembeni mwa dirisha. Nati ya gurudumu. Kifaa kinahukumiwa kuwa kimekufa, kumbe kimenyimwa umeme au maji njiani.

Nianze na umeme, maana huko ndiko kwenye lawama nyingi za bure. Chukua mita ya kawaida ya kupimia volti. Hakikisha friji inazunguka, si imezimwa, halafu pima kwenye vichwa vya betri. Kisha pima pale waya unapoingia kwenye friji. Ukikuta betrini 12.6 na kwenye friji 11.7, iache betri kwa amani. Karibu volti nzima imeliwa katikati.

Kuitafuta ilipoliwa hakuhitaji utaalamu mkubwa. Friji ikiendelea kula umeme, gusisha ncha moja ya mita upande mmoja wa kiungo na ncha ya pili upande wake wa pili: kabla na baada ya fyuzi, kabla na baada ya swichi, kwenye waya na kwenye bolti iliyoushika. Kiungo kizima kitakuonyesha karibu sifuri. Kibovu kitakupa 0.3, 0.5 na kuendelea. Ukikifungua utakuta unga wa kijani kwenye shaba, au plastiki ya kishikio cha fyuzi imegeuka rangi ya kahawia na kujikunja kwa joto. Kata waya hadi ufike kwenye shaba inayong'aa, bana kichwa kipya kwa koleo lake maalumu, umalize kazi. Kubana kwa koleo la kawaida au kwa meno ya plaizi hakudumu kwenye gari, mtikisiko utakilegeza tu.

Waya wa hasi uangaliwe kwa macho yale yale. Mara nyingi umefungwa kwenye bodi ya gari juu ya rangi au kutu. Kwangua hadi chuma kionekane, funga, kisha paka grisi kwa juu unyevu usiingie.

Wapo ambao viungo vyao ni vizima ila waya ni mwembamba. Fanya hesabu ndogo. Friji ya kompresa inakula, tuseme, ampea 5. Kutoka betrini hadi ilipo ni mita 6, na umeme lazima urudi, kwa hiyo waya wako ni mita 12. Ukiwa wa shaba wa milimita za mraba 1.5, unapoteza takriban volti 0.7. Ukiwa wa milimita za mraba 4, unapoteza kama 0.26. Na kompresa inapoanza kuzunguka huvuta zaidi ya hapo, ndiyo maana friji inajizima ikidhani betri imekwisha wakati betri imejaa.

Nimalizie na fyuzi. Fyuzi inalinda waya. Kifaa kina ulinzi wake. Ndiyo maana fyuzi inatakiwa ikae karibu kabisa na betri, ili waya wote uliobaki uwe chini ya ulinzi. Fyuzi ya ampea 10 ikikatika, tafuta shoti iko wapi. Ukiweka ya 20 umeruhusu waya uwe ndiyo fyuzi, na waya umepita nyuma ya mbao na godoro unalolalia.

Karibuni, leteni matatizo yenu.

Kimulimuli

Mkuu Spana, mimi betri yangu ni ya lithiamu. Mita inaniambia 13.2 asubuhi, 13.2 jioni. Sasa hiyo mita inanisaidia nini?

Spana10

Kwa kupima upotevu wa njiani inakusaidia vile vile. Kwa kujua betri imebaki kiasi gani, haikusaidii, na hilo ni tabia ya betri yenyewe. Lithiamu aina ya LiFePO4 inashikilia volti karibu zile zile kuanzia ikikaribia kujaa hadi ikikaribia kuisha, halafu inaporomoka ghafla. Unahitaji shanti, ile mita inayofungwa kwenye waya wa hasi na kuhesabu ampea zinazoingia na kutoka. Mambo yote ya hasi yapite kwenye shanti, hata taa moja ikiruka hesabu inapotea.

Wenye betri za risasi ndio volti zinawaambia ukweli, ila ipumzike masaa machache bila kuchaji wala kutumia: 12.7 imejaa, 12.2 hivi iko nusu. Ukizoea kuishusha chini ya nusu unaikata umri.

Na lithiamu isichajiwe ikiwa chini ya nyuzi 0 za Selsiasi. Ikichajiwa kwenye baridi hiyo, lithiamu inajipaka kama metali kwenye upande wa hasi wa seli na madhara yake hayarudishiki. Betri nyingi zina bodi ndani inayokata chaji zenyewe. Soma karatasi ya betri yako kama nayo inafanya hivyo, usikisie.

Dereva wa Usiku

Naomba kuuliza hapo hapo kwenye betri. Gari langu ni jipya jipya, naendesha siku nzima lakini betri ya nyuma, ile ya vifaa vya ndani, haijai. Fundi kafunga relei, swichi inayojifunga kwa umeme, ya kuunganisha betri ya injini na hiyo ya nyuma. Relei nimeipima, inafunga vizuri, viungo vyote safi.

Spana10

Umefanya kazi nzuri kupima kwanza. Kwako si kiungo. Magari mengi ya sasa yana oltaneta (kile kinachozalisha umeme injini ikizunguka) inayoongozwa na kompyuta, na betri ya mbele ikitosheka kompyuta inashusha volti ili kupunguza mafuta. Betri ya nyuma inabaki inaangalia. Relei haiwezi kupandisha volti, inaunganisha tu. Unahitaji chaja ya DC kwa DC, inapokea volti zozote zinazotoka mbele na kutoa kiwango ambacho betri ya nyuma inakihitaji. Hapa ndipo kununua kifaa kipya ni halali.

Dereva wa Usiku

Asante sana mkuu. Nimeelewa.

BintiSafari

Habari zenu. Kaka Spana, pampu yangu ya maji inaguruma kama sekunde mbili, inanyamaza, baada ya dakika kadhaa inaguruma tena. Bomba zote nimefunga. Usiku naizima kwenye swichi ndipo nilale. Nimeambiwa pampu imechoka ninunue nyingine. Chini ya sinki nimepapasa, pakavu.

Spana10

Dada, usinunue kwanza.

Pampu hizi zina swichi ya presha. Ukifungua bomba presha inashuka, pampu inawaka. Ukifunga, presha inapanda, inazima. Ikiwaka wakati bomba zote zimefungwa maana yake presha inatoroka mahali. Sehemu ziko mbili tu: ama maji yanatoka nje kwenye kiungo kilicho mbele ya pampu, ama yanarudi nyuma kwenye tanki kupitia valvu ndogo iliyo ndani ya pampu yenyewe, ile ya kuzuia maji yasirudi.

Jinsi ya kutenganisha hizo mbili: zima pampu, fungua bomba presha itoke. Chomoa mpira unaotoka kwenye pampu kwenda kwenye mabomba. Mahali pake chomeka kipande kifupi cha mpira kilichozibwa mwisho wake, kibanwe kwa klipu. Washa pampu. Itanguruma, itazima. Sasa subiri, ipe muda hata wa nusu saa. Ikiendelea kuwaka yenyewe, valvu ya ndani haishiki, na pengine kuna kipande cha plastiki au mchanga umekaa pale. Vichwa vingi vya pampu vinafunguka kwa skrubu chache na kusafishwa. Ikinyamaza, pampu ni nzima na uvujaji uko mbele.

Kupapasa kwa mkono hakutoshi kwa tone moja la kila baada ya dakika. Funga karatasi laini kavu ya chooni kuzunguka kila kiungo, moja moja, nyuma ya bomba, kwenye hita ya maji, kwenye bafu, hata kwenye bomba la nje kama unalo. Rudi baada ya saa. Iliyolowa itajionyesha.

Mama Vani

BintiSafari mwanangu, na uangalie kikombe cha chujio kabla ya pampu, kile chenye kifuniko cha kuona ndani. Huo upande ni wa kuvuta, ukiwa na upenyo haudondoshi maji, unavuta hewa. Dalili yake ni nyingine kidogo: pampu inazunguka haikomi, na maji bombani yanatoka yakikohoa. Ukiona viputo vinapita ndani ya chujio wakati tanki lina maji, mpira wa duara wa kile kifuniko umekaa vibaya au umekauka. Utoe, uuoshe, upake grisi ya silikoni kidogo, urudishe. Usipake grisi ya magurudumu, inaharibu mpira na hayo ni maji ya kunywa.

Kwa kuwa uzi umefika kwenye maji, niseme la shughuli za kila siku maana Spana amejikita kwenye mafundo ya waya. Mimi naishi humu ndani, na kinachofanya maisha yaende ni mpangilio wa siku ya shughuli. Siku hiyo ni maji safi, maji machafu, choo, gesi, nguo, taka, vyote kwa mzunguko mmoja. Mpangilio wenyewe nimeushika hivi: maji safi kwanza, choo mwisho. Mikono yangu na mpira wangu wa maji visikutane na choo kabla ya kujaza tanki.

Mpira wa maji ya kunywa uwe wako, ukae kwenye mfuko wake, ncha zake ziunganishwe zenyewe kwa zenyewe ili uchafu usiingie. Ukifika kwenye bomba la watu wote, osha mdomo wa bomba, acha maji yamwagike kidogo, ndipo uunganishe. Kuna watu wanasuuzia kopo la choo kwenye bomba lolote lililo karibu, hujui nani amepita kabla yako.

Tanki nalo linasafishwa. Dawa ya klorini ya kufulia isiyo na harufu wala sabuni, yenye nguvu ya asilimia 5 hivi, kipimo ni mililita 1 kwa kila lita ya tanki. Jaza maji, fungua kila bomba, la moto na la baridi, hadi usikie harufu yake, ufunge. Acha masaa yasiyopungua 4. Mwaga yote, jaza maji masafi, mwaga tena mpaka harufu ipotee. Na usichanganye klorini na siki au dawa nyingine ya kuondoa magadi. Mchanganyiko huo unatoa gesi ya sumu, na chumba chetu ni kidogo.

BintiSafari

Asante mama. Nitaanza na chujio, halafu hicho kipande cha mpira.

Gurudumu Kuu

Shikamoo Mama Vani. Naongezea upande wangu: uzito. Lita 1 ya maji ni kilo 1. Tanki la lita 100 ni kilo 100. Kempavani nyingi zimesajiliwa kwa uzito wa juu wa kilo 3,500, na baada ya kabati, betri, mtungi, baiskeli na watu, nafasi inayobaki ni ndogo kuliko tunavyodhani. Lipeleke gari kwenye mizani likiwa limejaa kama unavyosafiri nalo. Upime ekseli ya mbele na ya nyuma kila moja peke yake, kwa sababu jumla inaweza kuwa sawa huku ya nyuma imezidi. Upepo wa tairi uupange kwa uzito huo, asubuhi tairi zikiwa za baridi.

Na umri wa tairi. Gari hizi zinakaa sana zimeegeshwa, kwa hiyo tairi inazeeka kabla haijaisha meno. Tafuta tarakimu 4 za mwisho za namba ya DOT ubavuni. 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mara nyingine zimeandikwa upande wa ndani, itabidi uingie chini. Ukiona nyufa ndogo ndogo ubavuni, usisafiri na matumaini.

Ukitoka kubadilisha tairi, nati zikazwe tena baada ya kilomita 50 hadi 100, kwa spana ya kipimo, kwa nguvu iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari. Hapo naungana na Spana, nati nayo ni kiungo.

Mama Vani

Marahaba mwanangu. Hilo la ekseli ya nyuma ni la kweli kabisa. Mimi tanki langu liko nyuma, siku ya safari ndefu najaza robo tu, najaza zaidi nikifika.

Fundi Paa

Mnaongea vizuri ila kwenye paa msizunguke. Silikoni tu. Pembeni mwa feni, pembeni mwa dirisha la juu, zungusha silikoni, maji hayaingii. Nafanya hivyo kila mwaka.

Spana10

Fundi, kwa heshima, hapo sikubaliani na wewe, na sababu unaitaja mwenyewe: kila mwaka. Silikoni ikichoka inaachia ukingo, na ukiongeza mpya juu ya ya zamani haishiki. Hakuna gundi nyingine itakayoshika juu yake pia, kwa sababu inaacha utando usiotoka kirahisi. Anayekuja kurekebisha baadaye anaanza kwa kukwangua siku nzima.

Kwenye paa la gari tumia utepe wa butili chini ya fremu, ule mlaini unaobanwa na skrubu, na pembeni umalizie kwa gundi ya poliurethani au ya polima mseto inayobaki na unyumbufu. Bati la paa linapanuka juani na kusinyaa usiku, gundi lazima ifuate. Kabla ya yote, ng'oa ya zamani yote na ufute kwa spiriti. Lakini kwenye dirisha la plastiki usiguse spiriti wala dawa ya kusafishia vioo, akriliki inapasuka nyufa za nywele na hazitibiki. Maji na sabuni laini tu.

Halafu maji yanayoonekana kitandani si lazima yameingia juu ya kitanda. Yanatambaa kwenye mbavu za bati na kutokea mbali. Mwagia kwa mpira ukianzia sehemu ya chini ya ubavu wa gari kupanda juu, kiungo kimoja kwa wakati, mwenzako akiwa ndani na tochi. Ukianzia juu maji yatashuka kwenye viungo vyote na hutajua ni kipi.

Fundi Paa

Nimekuelewa. La kuanzia chini kwenda juu sikulijua. Butili nitaijaribu kwenye feni.

Kimulimuli

Mimi paa haivuji kabisa, nimelijaribu kwa mpira, lakini asubuhi kuta zinatiririka.

Mama Vani

Unapika jioni na madirisha umefunga. Kuchoma kilo 1 ya propani kunatoa zaidi ya kilo 1.6 za maji kama mvuke, ongeza na pumzi zenu usiku kucha. Mvuke huo lazima uende mahali, unaenda kwenye bati la baridi. Fungua dirisha la juu kidogo na la chini kidogo, hewa ipite, hata kukiwa na baridi. Godoro liinuliwe juu ya chaga, na mara kwa mara uligeuze uangalie chini yake.

Na matundu ya sakafuni yasizibwe kwa kapeti au viatu. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, ikivuja inashuka, yale matundu ndiyo njia yake ya kutoka. Kwa hiyo kengele ya gesi inakaa chini karibu na sakafu. Ya monoksidi ya kaboni inawekwa kama maelekezo yake yanavyosema, karibu na unapolala, kwa sababu hiyo inachanganyika na hewa yote. Ziwepo zote mbili. Ukifunga mtungi mpya, paka maji ya sabuni kwenye regyuleta na kila unganisho. Viputo vikikua, funga mtungi, usiwashe chochote. Tarehe iliyochapwa kwenye mpira wa gesi isomwe, ukipita umri mpira unabadilishwa hata kama kwa macho ni mzima.

Wa sehemu za baridi: butani haigeuki gesi ikishuka karibu na nyuzi 0, propani inaendelea hadi karibu 42 chini ya sifuri. Jiko likikataa kuwaka asubuhi ya baridi na mtungi una uzito, angalia umejazwa gesi gani kabla hujalaumu jiko.

Kimulimuli

Mama, shoka limeingia. Leo nafungua madirisha.

BintiSafari

Nimerudi na majibu. Chujio halina viputo. Nikaweka kile kipande cha mpira kilichozibwa kama kaka Spana alivyosema. Pampu iliguruma, ikazima, na haikuwaka tena muda wote niliokuwa nikifua nguo. Nikarudisha mpira wake, nikafunga karatasi kwenye viungo vyote. Iliyolowa ni ya nyuma ya bomba la bafu, ndani ya kabati. Maji yalikuwa yakifuata mpira na kuingia chini ya sakafu, ndiyo maana sinki lilikuwa kavu. Nishike spana nikaze?

Spana10

Safi sana dada. Pampu yako ni nzima.

Usikimbilie spana. Kama nati ni ya plastiki, kaza kwa mkono hadi igome, basi. Plastiki ikikazwa kwa spana inapasuka kwenye meno, na ufa wake unafunguka siku ya barabara mbovu. Zima pampu, toa presha, fungua kiungo chote, angalia mpira wa ndani umelala sawa, hauna mchanga wala mkunjo. Kama umebonyea upande mmoja, badilisha. Rudisha kwa kuanza kuzungusha kinyume kidogo hadi meno yakae, ndipo ukaze. Kisha tafuta mahali pa kufunga ule mpira wa maji ukutani kwa kishikio, sentimita chache kabla ya kiungo. Nina hakika unaning'inia, na uzito wake gari likitikisika ndio umelegeza nati.

Na ile sakafu iliyoingia maji, inua kapeti, acha kabati wazi, pakauke kabisa kabla hujafunika. Mbao ya chini ikiwa laini ukiibonyeza kwa bisibisi, tuletee picha hapa.